Chai ya Bibi na Usingizi wa Saa Tatu na Nusu

Nimewahi kulala kazini mara nyingi, na katika sehemu ambazo mtu mwenye akili zake hawezi kulala. Uchindile, nilipokuwa kibarua wa kupanda miche ya miti ya mbao, nililala nimesimama, kidevu juu ya mpini wa jembe. Sanje nililala juu ya mikungu ya ndizi ndani ya lori, nikashtuka wapakuaji wananivuta miguu wakidhani ni sehemu ya mzigo. Mang'ula nililala kwenye benchi la stesheni nikisubiri treni. Treni ikaja, ikapiga honi, ikaondoka, nami nikabaki. Ndiyo sababu niliishi Mang'ula miezi minne. Usingizi wote huo haukumdhuru mtu isipokuwa mimi, nami nilikuwa nimeshajizoea.

Kulala dunguni ni jambo jingine. Dungu ni kichanja cha miti chenye paa la nyasi, kimesimama katikati ya shamba la mpunga, kirefu kuliko mtu mzima. Juu yake hukaa anayeamia, yaani anayefukuza ndege tangu mpunga unapoanza kuingia maziwa mpaka unapokauka. Kazi yenyewe ni macho na koo. Kuna kamba zimetandazwa kutoka dunguni kwenda pande zote za shamba, zimefungwa makopo. Ndege wakishuka, unavuta kamba, makopo yanalia, nawe unapiga kelele kama mtu aliyeona chui. Ukilala nusu saa tu, kundi moja la kwelea linatosha kukufanya uombe radhi kwa msimu mzima.

Niliipata kazi hiyo kwa sababu ya kuuliza. Nilikuwa nimekata miwa misimu miwili kule juu, kwenye mashamba makubwa ya sukari, na msimu wa pili ulipoisha nikashuka Ifakara kwa sababu moja: nilitaka kuona mto ukiwa umejaa. Nilikuwa nimesikia kwamba wakati wa masika bonde lote linakuwa maji mpaka macho yanachoka. Nikaenda, nikaona, nikaridhika. Siku ya tatu nikiwa sokoni natafuta kazi ya kubeba, nikamwona bibi mmoja mfupi, kilemba cha kitenge kichwani, amejitwisha furushi la makopo matupu ya maziwa na ya rangi, zaidi ya hamsini.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Samahani, makopo yote hayo ya nini?"

Akanitazama toka chini mpaka juu. "Wewe si wa hapa."

"Nimezaliwa Mlimba, bibi. Ni hapo tu."

"Mlimba na hujui makopo? Kwenu ndege mnawafukuza kwa barua?"

Nikacheka, nikampokea furushi, na kabla hatujafika kwake nilikuwa nimeuliza maswali ishirini na kuajiriwa. Alikuwa Mndamba, mjane, watoto wake wako mbali. Shamba lake la ekari mbili lilikuwa ng'ambo ya mto, mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Masharti yalikuwa mafupi: nitalala kwenye chumba cha uani, nitakula kwake, na baada ya mavuno nitapata mpunga wangu. Kisha akaniambia jambo ambalo lilinikaa.

"Mwaka jana niliyemweka aliondoka kabla ya kuvuna. Ndege wakala nusu. Mimi, mzaliwa wa bonde hili, nikaenda dukani na mfuko kununua mchele. Kilo mbili. Muuzaji akaniuliza, 'Bibi, una wageni?' Nikamwambia ndiyo, nina wageni." Akakaza kilemba chake. "Sitaki kwenda tena na ule mfuko."

Nilimwahidi. Sijui kwa nini niliahidi, maana mimi mwenyewe nilikuwa mtu wa kuondoka kabla ya kuvuna. Shule niliacha darasa la sita, si kwa kukosa karo wala kwa ujinga, ila siku moja treni ya mizigo ilisimama Mlimba nami nikataka kujua inakokwenda. Tangu hapo nimeanza mambo mengi. Sikuwahi kukaa mahali mpaka nikaona mwisho wa kitu.

Basi kila asubuhi, kabla jua halijatoka, Bibi alinifungashia. Chupa ya chai ya lita nzima, chai ya rangi yenye mchaichai, na vitumbua vinane vya mchele, vinono, vimeiva mpaka kingo. Chai yake ilikuwa na sukari ambayo ukiigusa kwa mdomo, midomo inashikana. Vitumbua navyo vilikuwa na sukari. Na kwa kuwa mimi nilikuwa mkata miwa, niliona haitoshi. Kabla ya kutoka nilikuwa nakata muwa mmoja au miwili pembeni ya bustani yake ya uani, kwa ruhusa, nikae nao dunguni nitafune ili macho yasilale.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu, lakini sikulijua. Shambani kule juu kila mkata miwa alijua kwamba ukilegea, unavunja kipande cha muwa, unatafuna, unaendelea. Nilitafuna miwa misimu miwili bila kusinzia hata siku moja. Nilikuwa na hakika na dawa hiyo kama nilivyo na hakika na jina langu.

Dunguni mambo yalikwenda hivi. Saa kumi na mbili na nusu ndege wanaamka, nami nawapokea kwa makopo na matusi. Saa moja nakunywa chai na kula vitumbua vyote. Saa mbili mimi ni simba. Naimba, nawatukana kwelea ukoo wao wote, naruka juu ya dungu mpaka miti inalia. Saa tatu naanza kutafuna muwa. Saa tatu na nusu, kama mtu amezima taa. Si usingizi wa kupiga miayo unaokuja taratibu ukakupa nafasi ya kupigana nao. Mikono inakuwa ya mtu mwingine, kichwa kinakuwa gunia, na kinachofuata ni kuamka jua liko juu na mate yamelowesha shati.

Wiki ya kwanza nilipona kwa bahati. Wiki ya pili Bibi akaja shambani kukagua. Akatembea kwenye majaruba, vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, polepole, mikono nyuma kama mwalimu mkuu, mpaka kona ya kusini. Akasimama.

"Wewe, shuka."

Nikashuka.

"Hii kona imesimama. Kwa nini imesimama?"

Sikuelewa. Akanishika mkono akanionyesha. Suke la mpunga lililojaa linainama, kwa sababu lina uzito. Suke ambalo ndege wamelinyonya linasimama wima kama mtu asiye na mzigo. Shamba lote lilikuwa limeanza kuinama, ila kona ile, ukubwa wa chumba kimoja, ilikuwa imesimama imenyooka, inapepea.

"Ulilala."

"Kidogo, bibi."

"Kona nyingine ikisimama, mume wangu, na wewe utasimama uende zako."

Alikuwa akiniita mume wangu tangu siku ya pili, kama mabibi wote wanavyowaita wajukuu, na hata akikasirika hakuniondolea. Lakini nilimwona alivyolipapasa lile suke tupu kwa kidole, na nikajua ule mfuko wa dukani ulikuwa unapita kichwani mwake.

Nilianza kuuchunguza usingizi wangu kama fundi anavyochunguza injini. Kwanza nikalaumu usiku. Nikawa nalala mara tu baada ya kula, mapema kuliko kuku. Saa tatu na nusu nikaanguka. Nikalaumu jua, nikalowesha kitambaa nikajifunga kichwani. Nikaanguka na kitambaa changu. Nikasema labda nguvu ni kidogo, nikaongeza miwa ikawa mitatu. Siku hiyo nililala kama niliyepigwa rungu, na kama si jirani yangu kunirushia donge la udongo, kona ya pili ingesimama.

Jirani huyo alikuwa Msukuma wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Dungu lake na langu yalitenganishwa na tuta moja tu, kwa hiyo tulizungumza siku nzima bila kushuka. Watu wote walimwita Msukuma, na yeye akaniita mdogo wangu. Yeye hakuwa na chupa ya chai. Alikuja na maji, karanga za kukaanga, na maharage ya jana ndani ya kopo. Alikuwa macho kutwa nzima, na kila nilipoamka alikuwa na neno.

"Mdogo wangu, huko ulikokwenda kuna mvua?"

Jibu lilikuja Jumapili, na lilikuja kwa sababu ya kanisa. Bibi alikwenda misa ya kwanza badala ya ile ya pili aliyoizoea, hakupata muda wa kukaanga vitumbua. Akaniachia kiporo cha wali na maharage, perege mmoja mkavu, na maji. Nilikwenda dunguni nikijisikitikia. Nikala. Saa mbili sikuwa simba. Nilikuwa mtu wa kawaida. Ilipofika saa tatu na nusu nikaketi kuusubiri usingizi, kama unavyomsubiri mgeni aliyeahidi kuja. Hakuja. Saa nne hakuja. Saa tano nilikuwa bado navuta kamba, nikamwuliza Msukuma kama saa yake ni nzima.

Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaendelea na maisha. Mimi nilitaka kujua. Jumatatu nikanywa chai na vitumbua: nikaanguka. Jumanne nikala kiporo: nikakesha. Jumatano chai bila miwa: nikaanguka, ila si kwa kishindo. Alhamisi kiporo tena: macho kama bundi. Nikaanza kufikiri. Kule kwenye miwa nilikuwa nakata tangu alfajiri, jasho linatoka kama nimemwagiwa ndoo. Sukari yote niliyotafuna iliungua hapo hapo. Dunguni nimekaa. Sukari ile ile inaingia mwilini kama moto wa mabua ya mpunga. Kila mtu wa bonde anaujua moto huo: ukiuwasha unaruka mpaka unaogopa nyumba, na kabla hujapata kigogo cha kuuongezea umebaki majivu. Wali na maharage na samaki ni kigogo. Hakiwaki kwa fujo, lakini mchana unakikuta bado kina kaa.

Nilifurahi peke yangu dunguni kama mtu aliyegundua mto. Kisha nikakumbuka kwamba ni lazima nimwambie Bibi.

Hapo pana historia. Bibi alikua wakati ambao sukari haikuonekana. Aliniambia alivyopanga foleni na mtoto mgongoni kwa ajili ya nusu kilo, na jinsi walivyokunywa chai kwa chumvi, wengine kwa kipande cha muwa mkononi. Marehemu mume wake naye alikuwa mkata miwa, na alipokuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi, kitu cha kwanza alichotoa mfukoni ni sukari. "Alikuwa haniambii kwamba ananipenda," alisema. "Ananikorogea." Kwa hiyo Bibi kila mtu alimkorogea. Kijiko cha kwanza ni cha adabu, cha pili cha undugu, cha tatu ni cha kwake mwenyewe. Kumwambia apunguze ilikuwa kama kumwambia akae mbali kidogo.

Sikuweza. Nilichofanya ni ujanja. Nikamwambia, "Bibi, mimi napenda sana kiporo." Akacheka, akasema nina tumbo la mchwa, akawa ananiwekea kiporo pamoja na chupa ya chai na vitumbua. Kiporo nikala. Chupa na vitumbua nikamvushia Msukuma juu ya tuta.

"Mayo!" alisema siku ya kwanza, baada ya kuonja. "Huyu bibi yako ana binti?"

"Wameolewa wote."

"Basi atosheke kuwa mama yangu."

Naye akawa ananipa karanga zake. Siku kumi tuliishi hivyo kwa amani. Mimi nilikuwa macho tangu alfajiri mpaka jua linazama. Shamba letu likaendelea kuinama, lote, isipokuwa ile kona ya kusini iliyokwisha kufa. Jioni nilirudisha chupa tupu, Bibi akaitikisa, akasikia haina kitu, akafurahi. "Mume wangu anajua kunywa."

Nilikuwa na furaha kiasi kwamba sikuona jirani anavyobadilika. Niliona ananyamaza kuanzia kama saa tatu na nusu, nikadhani anasali.

Siku ya kumi na moja Bibi alikuja shambani na jembe dogo, anataka kuzibua mfereji. Hakuwa amefika hata dunguni, tukamsikia Msukuma anakuja kwa hatua ndefu juu ya tuta, ameshika mkononi mafungu mawili ya masuke. Yote yamesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Vipi, asubuhi asubuhi?"

"Mama, huyu mjukuu wako amenihamishia usingizi."

"Amekufanyaje?"

"Alikuwa na usingizi wake. Mimi nimeushuhudia, nimeurushia madonge. Sasa yeye halali tena, nalala mimi! Saa ile ile aliyokuwa analala yeye! Tazama." Akainua masuke. "Tangu nimezaliwa sijalala mbele ya ndege. Nimechunga ng'ombe mia pori lenye fisi, sikulala. Huu usingizi si wangu, ni wake. Nataka auchukue."

Mimi nilicheka. Nilikosea kucheka. Msukuma hakuwa anatania hata kidogo. Macho yake yalikuwa mekundu, na nusu jaruba lake lilikuwa limeliwa.

"Umempa nini?" Bibi aliniuliza.

"Sijampa kitu, bibi."

"Hajanipa kitu?" Msukuma akageuka. "Na ile chai? Na vile vitumbua? Kila siku, mama, chupa nzima! Nikadhani ni upendo!"

Bibi aliniangalia, kisha akaangalia chupa iliyokuwa kwenye dungu la Msukuma, ile nyekundu yenye maua, mfuniko umefungwa kwa kamba. Akaenda, akaichukua, akaipangusa kwa ncha ya khanga. Mfereji hakuuzibua. Akaondoka na jembe lake.

Jioni chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa, naye alikuwa chumbani. Asubuhi hapakuwa na vitumbua wala chupa. Alikuwa amekaa jikoni kwenye kigoda, anapuliza moto ambao ulishawaka.

"Wewe kijana," alisema. Nikajua nimeondolewa. "Kama chai yangu mbaya, ungesema. Watu wangu wote wameinywa. Hakuna aliyewahi kuimwaga."

"Sikuimwaga, bibi. Chai yako ni tamu."

"Tamu, unampa jirani!"

"Ni tamu mno. Ndiyo inanilaza."

Nikamweleza yote: miwa, kiporo, Jumapili, moto wa mabua. Alisikiliza akinitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia saa barabarani.

"Sukari haijawahi kulaza mtu. Sukari inatia nguvu. Marehemu alikula sukari miaka ishirini, akakata miwa, hakulala."

"Alikuwa anakata, bibi. Mimi nimekaa."

"Una ugonjwa?"

"Sina."

"Basi unaniogopa. Umeambiwa mimi mchawi."

"Bibi, ningekuogopa ningekula kiporo chako?"

Hilo lilimfikirisha, lakini halikumtosha. Nikaona kwamba maneno hayatanisaidia, na kwamba nikiondoka siku hiyo nitakuwa yule wa mwaka jana. Nikamwambia, "Njoo dunguni kesho. Mimi nitakunywa chupa yako yote na vitumbua vyote. Msukuma ale kiporo na anywe chai isiyo na sukari. Wewe kaa utazame. Kama sitalala, nitafunga mzigo wangu mwenyewe, na nitamwomba radhi kila mtu."

"Na ndege?"

"Utakuwepo wewe."

Akafikiri. "Nitaweka vijiko vyangu vile vile," alisema. "Sitapunguza."

Kesho yake alipanda dungu kama msichana, akaketi na ukili wake anaosukia mkeka, akapanga miguu. Kwenye dungu la pili Msukuma alikunja uso juu ya kikombe cha chai kavu isiyo na sukari.

"Mama, hii ni chai au maji ya kuoshea sufuria?"

"Kunywa, baba. Tumo katika kesi."

Nilikunywa lita yote. Nilikula vitumbua vinane. Ilipofika saa mbili nilikuwa simba kama zamani: nikaimba, nikavuta kamba za shamba letu na nikatamani kuvuta za jirani, nikamsimulia Bibi safari zangu zote mpaka Makambako na kurudi. Aliniangalia kwa pembe ya jicho. "Huyu kweli ndiye wa kulala?" akasema, na nikamwona anaanza kutabasamu kwa ushindi. Nikakumbuka kwamba ushindi wake ndio safari yangu. Nikaanza kuogopa kwamba mwili wangu umenisaliti na leo hautalala. Nikawa nasimulia habari za benchi la Mang'ula. Nilifika pale treni inapopiga honi.

Kilichofuata ni sauti. Sauti kali, nyembamba, ya mwanamke anayemlaani mtu kwa Kindamba, makopo yanalia pande zote kama harusi. Nikafungua macho. Jua lilikuwa juu. Bibi alikuwa amesimama ukingoni mwa dungu, kilemba kimefunguka, kamba tatu katika mkono mmoja na mbili katika mwingine, anazivuta kama anayeendesha farasi watano. Kundi la kwelea lilikuwa linapinda angani kama moshi, likatafakari, likaenda zake upande wa mto. Msukuma alikuwa kwenye dungu lake, amesimama, macho makavu, anacheka mpaka ameshika nguzo.

"Saa ngapi?" niliuliza.

"Tano kasoro!" alijibu Msukuma. "Karibu tena duniani, mdogo wangu!"

Bibi akageuka. Sauti ilikuwa imemkauka. "Mume wangu," alisema, na moyo wangu ukarudi mahali pake. "Umekoroma mpaka ndege wakadhani ni trekta."

"Wamekula?"

"Wakati mimi nipo?" Akaketi, akajifunga kilemba upya, akahema. Akautazama mfuniko wa ile chupa nyekundu kwa muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama anayezungumza na mtu mwingine, "Kumbe ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini, bibi?"

"Misa ya pili. Nakunywa chai, nakwenda. Padri akianza mahubiri tu, naondoka duniani. Miaka na miaka. Nimekuwa nikimlaumu yule padri kwamba anahubiri vibaya." Akatikisa kichwa. "Maskini. Nilimsema mpaka kwenye jumuiya."

Msukuma alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akavuka tuta na karanga, akanipa mkono, akasema kesi imekwisha, nimerudishiwa usingizi wangu, na kwamba ile chai ya maji ya kuoshea sufuria ukiizoea ina ladha ya mchaichai ambayo hakuwahi kuisikia.

Wiki hiyo Bibi alinipeleka zahanati kwa nguvu, maana bado alishuku ugonjwa, na kwa hasira nikamwambia apimwe na yeye. Wote wawili tukaambiwa tuko salama, ila tusizidishe. "Kwa hiyo vijiko vingapi?" Bibi alimwuliza mpimaji, kama mtu anayepatana bei. Walivutana mpaka wakafikia kimoja. Cha adabu na cha undugu vikaunganishwa. Cha kwake mwenyewe akasema atatafuta njia nyingine ya kukitoa. Njia hiyo ikawa samaki. Asubuhi kiporo changu kilikuwa na perege wawili badala ya mmoja, na wakati mwingine yai la kuchemsha limefichwa chini ya wali ili nilikute mwenyewe.

Sikuacha sukari, na sitaki mtu adhani nimekuwa mtakatifu. Siku ya kuvuna, wakati sote tumeinama na visu tangu alfajiri na jasho linatoka kama kule kwenye miwa, nilivunja muwa mmoja nikautafuna wote, na haukunifanya kitu. Bibi alinitazama akasema, "Leo ruksa."

Shamba lote lilikuwa limeinama. Kona ya kusini tuliivuna mwisho, ikatoa ungo mmoja mwepesi, nusu makapi. Huo ndio aliokoboa kwanza. Alisema mchele wa kona ile uliwe mbele ya mwingine wote, na uliwe na watu wa ile kesi; kwa hiyo tukaketi uani, mimi, yeye na Msukuma, tukaula na kambale, na ulikuwa mtamu vile vile. Kwenye meza chupa nyekundu ilikuwa katikati, na sukari imewekwa pembeni kwenye kibakuli chake, kila mtu na mkono wake. Ule mfuko wa dukani aliniambia nifungie humo mbegu za msimu ujao.

Baada ya hapo niliondoka, maana miguu ni ile ile. Lakini nimerudi kila msimu ndege wanapoanza, na ni mahali pekee duniani ambapo nimewahi kurudi bila kuwa nimesahau kitu huko. Ugumu uliobaki ni mmoja. Siku hizi Bibi anayasikia mahubiri yote, tangu neno la kwanza mpaka la mwisho, na Jumapili mchana ananisimulia yote, na ya wiki iliyopita akiona sikuelewa. Nami nasikiliza. Nimekunywa kijiko kimoja tu, sina pa kukimbilia.